Sekunde Nne

Walituchagua wanane, mimi nikiwa wa sita,
fundi bomba mstaafu, goti bovu, suti ya mazishi.
Toledo, mwezi wa pili. Theluji ya kando ya njia
imekuwa nyeusi kama machicha ya kahawa.

Kesi yenyewe, kinywani mwa jaji, ilikuwa nyepesi:
polisi alimfukuza kijana, kijana akamgonga mama,
mama akafa. Nani alipe?

Kijana, Cody Bratcher, yuko gerezani tayari.
Hana kitu. Hata viatu vya siku ile vilikuwa vya kaka yake.
Kwa hiyo jamaa za Salwa Tannous
wamemshtaki aliyekuwa nyuma, si aliyekuwa mbele.

Tukachezewa kanda.
"Anakimbia. Lagrange, kuelekea kaskazini."
"Kwa kosa gani?" Sauti ya sajini, ya kike, imechoka.
"Taa ya nyuma. Moja imekufa."
Kisha kimya.
Wakili wa familia akavua saa, akailaza mezani, tuhesabu naye:
moja.
Mbili.
Tatu.
Kwenye ya nne king'ora kikapanda
kama mtoto anayelia akasahau kuvuta pumzi,
na sajini hakusema endelea, wala hakusema acha.

Maili themanini na sita kwa saa, mtaa wa makazi, alfajiri.
Salwa alikuwa anatoka zamu ya usiku, duka la mikate.
Taa yake ilikuwa ya kijani. Andikeni, alisema wakili: kijani.
Picha namba kumi na nne:
mikate bapa imetapakaa juu ya lami,
mmoja bado umo mfukoni mwake wa nailoni,
na mvuke umeganda kwa ndani.

Konstebo Krajewski alipanda kizimbani. Nilitaka kumchukia.
Ana mikono ya fundi, kucha fupi, kovu la bisibisi.
"Nilidhani atasimama," alisema. "Karibu wote husimama."
Halafu, bila kuulizwa:
"Ile taa naiona mpaka leo. Ile iliyokuwa inawaka."
Wakili wake akamkazia macho. Akameza iliyobaki.

Jaji akatusomea sheria, polepole, kama mtu anayepima dawa:
haitoshi kuwa alikosea,
haitoshi kuwa alizembea,
sharti kitendo chake kiwe kimeshtua dhamiri.

Ya nani? niliuliza, tulipofungiwa chumbani na birika la chai baridi.
Hakuna aliyejua.
Namba mbili, mwalimu wa hesabu: wakikatazwa kufukuza,
kila mhalifu atajifunza kukanyaga mafuta.
Namba nane, mwenye mjukuu: wasipokatazwa,
kila njia panda ni kamari, na anayeliwa hakuweka hata senti.
Wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo tulipokwama siku mbili.

Miaka thelathini na moja nimefunga mabomba.
Bomba likipasuka huanzi kuuliza hatia ya nani;
unatafuta koki.
Na kulikuwa na mtu ameshika koki, sekunde nne nzima,
lakini jina lake halimo kwenye karatasi ya mashtaka.
Nilipolitaja, msimamizi wetu alitikisa kichwa:
hatukuulizwa hilo.

Dhamiri yangu ilishtuliwa na mkate.
Hatukuulizwa mkate.

Swali lilikuwa moja, na visanduku viwili.
Tukatia alama kwenye HAPANA. Kalamu ilikataa kuandika,
ikabidi tuazime ya karani.

Nje, barafu mpya juu ya ngazi.
Mume wa Salwa, Elias, alitangulia mlangoni,
akaushikilia wazi kwa bega
hadi tukatoka wote wanane,
mimi wa mwisho, kwa ajili ya goti.
"Nenda polepole," aliniambia. "Panateleza."